Kuhusu Hoteli ya Marehemu Mwishehe na Chakula Kinachowafuata Watu Maofisini

Khalfani bin Mwinyimkuu,
Mtoni, Temeke,
Dar es Salaam.
18 Juni 1995

Mpendwa Dada Mwanaasha,

Shikamoo, tena shikamoo ya heshima kamili, kama ile ninayokupa ninapokuwa mbele yako. Kwa uwezo wa Mola mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo tangu masika limekuwa likinikumbusha umri wangu. Mke wangu hajambo na watoto hawajambo. Je, macho yako yanaendeleaje? Na Shemeji Suhaib, kile kifua chake kimetulia, au upepo wa ziwa bado unamsumbua? Ninaomba barua hii iwakute nyote hapo Ujiji mkiwa katika afya na utulivu.

Migebuka mikavu ya ziwa lenu uliyoituma kwa treni ilifika salama, na harufu yake ilitangulia kufika kabla ya mzigo wenyewe. Tuliigawa kwa haki. Fungu la Raudha, mjane wa ndugu yetu marehemu Mwishehe, nilimpelekea mwenyewe nyumbani kwake Mwananyamala. Amekuombea dua ndefu.

Napenda pia kukuarifu kwamba Raudha ametoka eda kwa heshima zote. Khitma ilisomwa, watu walihudhuria kwa wingi, na hapakutokea neno lolote la kutuaibisha. Amekonda kidogo, lakini sauti yake imerudi.

Dada, kabla sijaingia katika jambo lenyewe, naona ni wajibu wangu kukueleza hali ya mji, kwa maana mji uliouacha ulipoolewa sio huu ninaokaa mimi sasa. Unalikumbuka lile duka la ushirika pale Mkwajuni, tulipokuwa tukipanga foleni ya sukari kwa kuweka mawe mahali petu ili twende tukapumzike? Limekatwa fremu fremu. Moja inakodisha kanda za video, nyingine inauza marashi na mikoba ya Dubai, na iliyobaki ni ya mtu anayenyoa kwa mashine ya umeme. Bidhaa zimekuwa nyingi kuliko wanunuzi.

Lakini linalonishangaza zaidi si wingi wake. Siku hizi bidhaa haimsubiri mtu dukani, bali inamfuata aliko. Vijana wanaoitwa machinga wanapita mlango kwa mlango na pasi, chupa za chai, mashuka na saa za ukutani. Mke wangu amekwishasahau njia ya kwenda Kariakoo. Anakaa kibarazani akisuka ukili wake, na Kariakoo inapita mbele yake ikinadi.

Hata Bwana Shamsuddin, ambaye duka lake la koki, vitasa na rangi limepakana ukuta mmoja na hoteli yetu ya Kinondoni, hakusalimika. Asubuhi anawagawia wachuuzi bidhaa zake wakazitembeze, na mchana anawatazama wateja wake wa zamani wakizinunua hatua chache kutoka mlangoni pake. Nilimuuliza iwapo haoni uchungu. Akanijibu, "Bwana Khalfani, mie nimebaki kuwa stoo tu. Duka liko mabegani mwa watu."

Sasa naomba uniruhusu niingie katika shabaha ya barua hii.

Mwishehe alipofariki, sisi wanafamilia tuliifunga hoteli kwa kauli moja, kwa kuwa mjane alikuwa ndani na hapakuwa na mwingine wa kushika jiko. Tulidhani kwamba kuufunga mlango ndiko kuifunga biashara. Hapo tulikosea. Siku ya arobaini walikuja watumishi wa zile ofisi mpya zilizofunguliwa kando ya barabara ya kwenda kituo cha Morocco, hapohapo Kinondoni, ambao walikuwa wakila kwa marehemu, wakaonja tena pilau ya Raudha. Juma lililofuata mmoja wao alimpigia simu Bwana Shamsuddin, kwa kuwa hoteli haina simu, akaomba apelekewe chakula ofisini. Hakujua kwamba mlango bado umefungwa.

Bwana Shamsuddin angeweza kumwambia ukweli wakaishia hapo. Yeye akamtafuta Ansbert, yule mhudumu wetu wa miaka yote, mtu wa Bukoba ambaye sasa ana mvi kunishinda. Ansbert akapanda baiskeli mpaka Mwananyamala, akarudi na wali na kuku ndani ya hotpoti, hivi vyombo vyenye mfuniko vinavyotunza moto. Kesho yake wakaagiza ofisi nzima, na keshokutwa ofisi ya jirani yao.

Nilikwenda kumuuliza sheikh wa msikiti wetu kama jambo hilo linafaa. Alisema mjane hakatazwi kupika ndani mwake wala kuuza alichopika, maadamu hatoki wala hajipambi. Baadhi ya shangazi zetu walinuna, kisha wakaanza kuja kumsaidia kukuna nazi. Hivyo ndivyo Raudha alivyowalisha watu wengi bila ya kuvuka kizingiti, na bila hata mmoja wao kuuona uso wake. Bwana Shamsuddin alikuwa akilalamika kwa furaha. "Mie nauza rangi ya ukuta," akaniambia, "mtu ananipigia simu kuniuliza kama mchuzi wa leo una nazi. Namjibu unayo. Sijui hata kama ni kweli."

Ndipo ilipofika barua yako ya mwezi wa Aprili, ukiagiza kwamba mara eda itakapokwisha hoteli ifunguliwe na Raudha arudi pale, ili jina la ndugu yetu lisizimike. Wewe ndiwe mkubwa wetu, na nyumba ile ni urithi wetu sote kutoka kwa baba. Nilitii. Niliwaweka mafundi wapake kuta rangi ya samawati, meza zikapigwa vanishi, na Raudha akaketi kaunta akiwa na buibui lake jipya. Nakuhakikishia kwamba amri yako ilitekelezwa bila ya upungufu.

Watu walikuja, Dada. Walitoa pole, wakanywa chai, wakasoma gazeti la mwenzao, wakaondoka. Ilipofika saa ya chakula cha mchana ukumbini alibaki Mzee Salumu, yule mstaafu wa bandari aliyekuwa rafiki wa marehemu, pamoja na wenzake wawili. Huko kwa Bwana Shamsuddin simu haikunyamaza. Hata karani mmoja wa ofisi ya ng'ambo ya barabara, ambaye kutoka dirishani pake anauona mlango wetu waziwazi, alipiga simu aletewe. Nilimuuliza Ansbert kwa nini bwana yule asivuke tu. Akasema, "Anasema akivuka atakutana na watu."

Neno hilo nimelala nalo siku kadhaa. Sisi tulikwenda hotelini kwa sababu hiyohiyo inayomzuia yeye.

Mzee Salumu aliona hotpoti zikijazwa mbele yake huku yeye akisubiri, akapaza sauti. "Raudha, mie nimekaa hapa na mwili wangu na mdomo wangu, nyie mnampakulia mtu asiyeonekana."

Raudha hakuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Baba Salumu, huyo asiyeonekana kaagiza wali na kuku. Wewe unayeonekana umeagiza chai ya rangi toka asubuhi, na kikombe bado kina nusu."

Ukumbi wote ukacheka, na ukumbi wote ulikuwa watu wanne. Mzee Salumu naye alicheka. Kisha akaimaliza ile nusu ya chai, na hilo liliniuma kuliko maneno yake.

Kabla ya juma kwisha mambo yalianza kuharibika. Raudha alikuwa na majiko mawili, moja la ukumbini na moja la nyumbani, na mikono ni ileile. Chakula cha ofisi kilichelewa. Ofisi mbili ziliacha kuagiza, zikahamia kwa mwanamke mmoja wa Magomeni ambaye hana hoteli, hana meza wala kibao cha jina. Ana hotpoti na namba ya simu ya jirani yake.

Wakati huohuo alijitokeza mfanyabiashara mmoja kijana, mwenye adabu njema, anayetaka kuukodi ukumbi wetu auze redio na majokofu. Sharti lake ni kwamba jiko liondolewe na tumjibu kabla ya mwezi huu kumalizika, la sivyo atachukua fremu nyingine.

Kwa hiyo niliitisha kikao cha familia. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri, juu ya wajibu, juu ya jina la marehemu na juu ya agizo lako. Niliyasema yote, na walionisikiliza waliyasifu. Raudha aliniacha nimalize. Kisha akasema kwa upole:

"Shemeji, umesema vizuri. Ila hoteli mnaitaka nyie, mje mkae. Nitakayesimama jikoni ni mie."

Shangazi mmoja akamwambia asiseme hivyo, kwamba ile ni kumbukumbu ya mumewe. Raudha akamjibu, "Mume wangu nimemlia, na bado namlia. Lakini siwezi kumlia kwa viti. Nipeni nipike nyumbani kwangu. Kodi ya ukumbi gaweni kama sheria inavyosema, kila mtu na haki yake. Mie jina la Mwishehe nalipeleka kila siku kwenye hotpoti, waulizeni hao wanaokula kama hawalitaji."

Kikao kiliishia hapo. Mimi ambaye riziki yangu ni kupanga maneno, nimeyaandika yake kama yalivyotoka.

Dada, ni haki yako kujua kwamba katika shauri hili mimi pia nina maslahi, na maslahi yangu yako upande wako. Dawati langu la kuwaandikia watu barua na maombi limekaa kwenye kibaraza cha hoteli ile tangu siku za Azimio. Watu hunijua kwa jina la "mwandishi wa kwa Mwishehe". Ukumbi ukikodishwa, wa kwanza kuhamishwa nitakuwa mimi, na sijui kama wateja wangu watanitafuta nitakakokwenda. Nimeliandika hili ili nitakalolisema hapa chini usilipime kama la mtu anayelitetea tumbo lake.

Nimefikiri sana juu ya Mzee Salumu. Mtu wa namna yake, ambaye mke amekufa na watoto wametawanyika, atakaa wapi? Chakula kinaweza kumfuata mtu mpaka mezani pake, lakini mazungumzo hayawekwi kwenye hotpoti. Hoteli zetu zikigeuka zote kuwa maduka ya redio, tutazisikia sauti za watu wa mbali na tutakosa za waliokuwa karibu nasi. Hilo ni hasara, na ninakataa kuliita kwa jina jingine.

Hata hivyo nimejiuliza: ni nani anayeilipa gharama ya ukumbi ule kuwa wazi? Si mimi, ninayekaa kibarazani bure. Si Mzee Salumu na chai yake. Na wewe, Dada yangu, kwa heshima zote, uko Ujiji. Anayeilipa ni mwanamke mmoja kwa miguu yake, toka alfajiri. Tukimlazimisha kuyashika majiko yote mawili atalipoteza lile linalomlisha, na baada ya hapo hata hili tunalolipenda halitadumu. Hapo jina la Mwishehe litazimika kweli, na tutakaolizima ni sisi.

Hivyo basi, naomba kwa unyenyekevu uliondoe agizo lako la mwezi wa Aprili. Ninaomba uridhie ukumbi ukodishwe, na Raudha apike kwake kama atakavyo, yeye na Ansbert, ambaye amekwisha kusema kwamba atakwenda liendako jiko. Bila ridhaa yako hatuwezi kuandikiana mkataba wowote, na Raudha mwenyewe amesema hatauvunja usemi wa wifi yake mkubwa. Kwa hiyo kesho yake iko katika kalamu yako.

Ombi langu la mwisho ni dogo. Utakapolijibu jambo hili, liwe ndiyo au liwe hapana, usiniandikie mimi. Kwa miaka mingi barua za ukoo huu zimepitia mkononi mwangu, na ninyi mmenizoea niwe msomaji wenu na mjibuji wenu. Safari hii mwandikie Raudha, na juu ya bahasha uweke jina lake. Anajua kusoma vizuri sana. Ni kwamba tu hatujawahi kumwandikia.

Nisalimie Shemeji Suhaib, na mwanenu Lubaba na wanawe, na majirani zenu wa Kigoma mjini waliotuletea pole. Nusaiba binti wa marehemu anakubusu mikono. Mke wangu amenisimamia hapa akitaka niseme kwamba ukili wa mkeka wako unakaribia kutimia. Bwana Shamsuddin na mkewe Zehra wanakusalimu, na Mzee Salumu amesema nikuambie kuwa hana kinyongo na mtu.

Mola ayatie nuru macho yako, akupe subira ya kuyasikiliza haya yote, na akufungulie lililo la kheri kwetu sote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye na akuheshimuye,

Khalfani