Nyama ya Upande Wangu

Mjukuu wangu Nafula,

Nakuita hivyo kwa kuwa nilirithi jina la Bibi, nawe unaniita Bibi, hutaki kuniita Dada. Sisi hapa Kayole tu wazima. Mama anakusalimu, na mimi nimemaliza shule, natafuta kazi.

Umeuliza ufanyeje ukialikwa kwa rafiki yako Mwislamu. Nikiwa kidato cha kwanza, rafiki yangu Zuhura, Mwislamu, alinialika kwao Majengo. Tulivua viatu mlangoni, tukanawa mikono, tukaketi mkekani pamoja na mama na bibi yake kuzunguka sinia moja la pilau. Mama yake akanisogezea nyama upande wangu wa sinia. Sikuigusa. Kwetu, unajua, msichana hachukui nyama mpaka mama mwenye nyumba amgawie mkononi. Nikala wali mtupu. Akasogeza nyingine, nikala wali tu. Zuhura akainama, na mama yake akaacha kula.

"Mwanangu," akasema polepole, "chakula chetu unakiogopa?"

Nilikaribia kulia. "La, Mama. Nangoja kugawiwa."

Bibi yake Zuhura akacheka hadi ushungi ukamteleza. "Ewe! Rundo lote hilo mbele yako, ugawiwe mara ngapi? Kula, nasi tupate kula!"

Sote tulikuwa tukioneshana adabu, na karibu tuachane vibaya. Wewe ni mwoga wa kusema kama mimi, Nafula, lakini ukikwama, uliza mapema.

Bado naenda kwao. Sinia likiletwa, bibi hunikazia macho: "Mgeni wetu, umeshagawiwa?"

Ni mimi, bibi yako mdogo,
Nekesa