Valise ya Nyuma ya Mulango

Dilala, Kolwezi, tarehe 12 Agosti 1974

Yaya Numbi,

Jambo sana, dada yangu mukubwa. Uko muzima? Mugongo yako inaendelea namna gani? Huku tuko bazima, ni vumbi tu inakohozesha batoto.

Aksanti kwa siku mbili ulizotupokea pale Tenke, tulipotoka Kalemie ku congé, pumziko ya kazi, na kungojea train ya Kolwezi. Lakini tulipofika nyumbani, valise ya kahawia, lile sanduku ya nguo, haikuwako. Ndani mulikuwa suti yangu mupya ya abacost na bitenge bya muke yangu Ndaya, bile alivyoweka juu ya ndoa ya mudogo yake. Siku ya kuondoka muke yangu aliniambia, "Baba, hesabia mizigo." Nilijibu nimehesabia. Sikuhesabia, yaya, nilikuwa nimekunywa na bashemeji. Sasa alipouliza, haya ilinishika, nikamwambia baliiba mu train.

Tafazali, tazama nyuma ya mulango wa chumba tulimolala. Unijibu mbio. Mbele ya kwenda congé, agent mumoja alipita ku biro yetu akatuuzisha assurance, bima ya safari. Anasema kitu baliiba, banalipa. Kitu umesahau mwenyewe, hapana. Na siku za kudai ni kumi na tano tu.

Mudogo yako,
Kisimba


Tenke, tarehe 4 Septemba 1974

Mudogo yangu Kisimba,

Salamu kwako, kwa Ndaya na kwa batoto. Mugongo unauma, lakini natembea.

Usikasirike. Mama-mukwe yangu alikufa, nilikuwa Fungurume ku kilio, nyumba ilifungwa karibu mwezi muzima. Barua yako niliikuta chini ya mulango. Na valise iko! Iko nyuma ya mulango kama ulivyosema, na kamba yake. Sikuifungua. Juma lijalo nitaituma na muntu wa kwetu anayekuya Kolwezi.

Ndaya umwambie kweli. Atapiga kelele siku moja, kisha atacheka.

Yaya yako,
Numbi


Dilala, tarehe 10 Septemba 1974

Yaya,

Salamu nyingi. Pole sana kwa kilio. Mungu amupokee mama.

Yaya, valise usiitume. Nakuomba. Siku kumi na tano zilikaribia kuisha na sikuwa na jibu yako. Nilitia mukono pa karatasi ya assurance kama baliiba. Ndaya alisimama pale pembeni, ningesema nini? Karatasi iliuliza: nani aligusa mizigo? Agent akasema, "Citoyen, huwezi kuacha mustari mutupu." Nikaandika Mukalay, ule mubaba aliyebeba bitu byetu na kinga yake, baiskeli, mupaka ku gare ya train. Ni jina tu pa karatasi, nani atamutafuta?

Uifiche. Hata bitenge unaweza kuvaa.

Mudogo yako,
Kisimba


Tenke, tarehe 2 Oktoba 1974

Kisimba,

Nakusalimu, lakini sitakuuliza habari ya afya.

Balimutafuta. Ba assurance baliandikia bagendarme, polisi ba hapa. Juzi balimukuta Mukalay ku gare akingojea basafiri, balimufunga mikono mbele ya bantu bote, bakatwaa na kinga. Ule muntu tunaimba naye mu kanisa miaka nane.

Jana muke yake Mianda alikuya kwangu. Nilimupatia kiti na chai, hakunywa. Akaniuliza, "Mama Numbi, ulikuwa pale Mukalay akifunga mizigo. Ilikuwa mingapi?" Nilijibu, "Mama, sikumbuki tena." Alikuwa ameketi mbele ya pazia, na valise yako nyuma ya pazia. Angenyoosha mukono angeigusa. Alinishukuru kwa chai na akaenda.

Mi ni mukubwa yako, nilikubeba ku mugongo. Leo umenifanya nidanganye mama wa bantu ndani ya nyumba yangu. Kuya. Usiandike, kuya.

Numbi


Tenke, tarehe 11 Oktoba 1974

Kisimba,

Hukukuya. Basi nilienda mimi.

Jana saa sita ya muchana nilitia valise ku kichwa, nikapita njia ya soko mupaka kwa bagendarme. Bantu balinisalimia, "Mama Numbi, safari ya wapi?" Niliendelea kutembea. Mukubwa wao alifungua valise, akatoa bitenge bya Ndaya kimoja kimoja, akavitandika pa meza. Akaniuliza, "Mwizi ni nani sasa?" Nilisema, "Ni sisi. Mi na mudogo yangu."

Mukalay balimutosha mu kifungo mangaribi, na kinga yake. Mukono wake wa kuume umevimba, haushike usukani ya kinga. Alipita mbele yangu, akasema, "Bonsoir, mama." Basi, ni ile tu.

Sehemu yangu nimeimaliza. Ingine ni yako.

Numbi


Dilala, tarehe 29 Oktoba 1974

Yaya Numbi,

Nakusalimu nikiwa na haya. Najua huulize habari yangu tena, lakini nakuandikia.

Nilimwambia Ndaya. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Kuniambia umesahau ilikushinda, lakini kutaja muntu haikukushinda?" Tangu siku ile ananipatia chakula, hatuongee. Kisha nilipeleka kwa ba assurance barua ya kusema nilidanganya. Agent alikuya nayo ku biro yetu, akaisoma kwa sauti, benzangu bote bakisikia. Sasa nikiingia asubuhi, banafunga droo zao na funguo.

Juma iliyopita nilifika Tenke. Kwako sikupita, unisamehe, nilitafuta kwa Mukalay kwanza. Nilimukuta ameketi inje, mukono umefungwa na kitambaa. Hakunitambua. Akasimama mbio: "Karibu, tata. Iko mizigo? Mukono unauma kidogo, lakini nitasukuma polepole."

Nilimwambia, "Mi ni Kisimba wa Kolwezi."

Alinitazama mupaka nikaangalisha chini. Kisha akasema, "Ingia, tata. Mambo ya namna hii haiongeleke ku njia."

Niliomba rehema kwa magoti. Akanionyesha kiti. Mianda alileta maji ya kunawa, akatuwekea chakula, bukari na sombe, akatoka bila kunitazama. Mukalay alikula na mukono wa kushoto.

Mangaribi alinisindikiza mupaka ku gare, kwa miguu. Babebaji benzake balimuzunguka, bakimuuliza habari ya mukono. Mumoja akanitazama sana: "Na huyu tata ni nani?"

Nilifunga macho.

Mukalay akajibu, "Ni mugeni yangu. Mumupatie nafasi, apande."

Mudogo yako,
Kisimba