Uso Uliochorwa Ghalani Tarranook

Kambi ya Makaravani,
Ukingo wa Mto,
Kaskazini mwa Victoria, Australia.
Septemba 24, 2019.

Mpendwa mdogo wangu Coral,

Kwanza niambie magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko Skotilandi, na kama shemeji Alasdair ameacha sigara kweli au bado anakudanganya. Sisi wazima. Ross kanenepa, sukari yake imetulia, ila masikio yamezidi kuziba, au anayaziba mwenyewe nikianza kuongea. Mimi sina ugonjwa wa kumwonyesha daktari.

Naandikia kwenye kimeza cha karavani, nacho kinatikisika, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Shule yangu unajua iliishia wapi.

Tulitoka nyumbani Queensland tukiivuta kwa gari karavani yetu mpya, nyumba ya magurudumu ambayo kila kambi lazima mtu aje kuichungulia. Huku kanola, ile mimea ya mbegu za mafuta, imechanua, njano mpaka macho yanauma. Ngano imefika magotini, ingawa upande wa magharibi mvua imewanyima tena. Na wakulima siku hizi wote wamekuwa wasanii. Mmoja kavalisha uzio wake mzima mabuti ya mpira yaliyotoboka. Mwingine kapandisha gari bovu juu ya mti. Masanduku ya barua kwenye mageti mengine ni mapipa yaliyochomelewa yakawa nguruwe, ng'ombe, hata kangaruu. Lakini kinachowatoa watu mbali ni maghala ya ngano, yale marefu ya zege kando ya reli, ambayo sasa yanachorwa kuanzia juu mpaka chini.

Na la Tarranook, pale pale tulipokuwa tukipeleka ngano yetu kabla ya kuhamia Queensland, amelichora Brodie wangu. Walioomba kazi ile walikuwa wengi, wengine kutoka ng'ambo, na wote kawapita. Alinipigia simu akaniambia atachora mwanamke mmoja wa pale, katika wale waliolishikilia eneo miaka ya ukame. Picha hakunitumia. Alisema nije nione mwenyewe siku ya sherehe.

Sasa Coral, mwanamke gani mwingine? Nani alikuwa akileta maji kwa tangi, akilisha kondoo kwa mkono, akiwapikia wakata manyoya, Ross akiwa kitandani na mguu uliovunjika? Basi nikaenda saluni.

Njia nzima niliwaambia watu. Nikifua nawaambia, nikisubiri bafu nawaambia, kwamba mwaka huu mtauona uso wangu mkubwa kuliko nyumba. Ross akanionya, "Mama Brodie, punguza. Hata kasuku wamechoka kukusikia." Sikumjali. Mtu akiwa na mtoto kama yule anyamaze kwa nini?

Jumamosi, siku ya sherehe, tukakata kona ya mwisho, ghala likatokea juu ya mashamba. Mwanangu anajua kuchora, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Kila kunyanzi lipo, kila unywele, na jua limempiga shavuni kama jua la kweli. Ila uso ni wa Dulcie Haberfield.

Huenda umemsahau. Ni yule mjane aliyekuwa akipima malori ya ngano pale ghalani. Basi la shule lilikuwa halifiki shambani kwetu, kwa hiyo siku za shule Brodie alilala kwa Dulcie, Ijumaa namfuata. Na hakukaa bure. Nyama ya kondoo na mayai vilikuwa vinatoka kwangu kila wiki, hata sisi tulipokuwa tunakula viazi vitupu.

Dulcie mwenyewe tulimkuta chini ya ghala, kakaa kitini, anauza skonzi na vitambaa vya kufutia vyombo vilivyochapwa uso wake. Akanikumbatia kwa nguvu.

"Glenys, ona mwanao alivyonifanya. Pua yangu imekuwa kubwa kuliko lori."

Watu wakacheka, nami nikacheka, ningefanyaje? Pembeni alikuwepo mama mmoja tuliyekuwa naye kambini usiku uliopita, ambaye nilikuwa nimemsimulia yote. Akaniangalia mimi, akaangalia juu, akaniangalia tena.

"Na wewe dada, umechorwa upande wa nyuma?"

Nikamvuta Brodie mpaka nyuma ya karavani, nikamuuliza nimemkosea nini. Hakubisha, unajua alivyo mpole. Akaniambia alianza na mimi, akachora karatasi nyingi, zote akazitupa.

"Mama, Dulcie alikuwa anakaa mezani mbele yangu mpaka nimalize kula," akasema. "Wewe nikifumba macho naona mgongo. Unainama, unabeba, unatoka. Uso wako nilikuwa nausubiri tu."

Nikamwambia mgongo huo ndio uliomlisha.

"Najua, mama."

Basi, hilo tu. Wakamwita akapige picha na diwani, akaenda. Ross akataka tubaki walau tunywe chai. Nikamwambia awashe gari.

Nakuambia wewe peke yako, kwa sababu Ross anasema nimeharibu siku ya mtoto. Dulcie sina ugomvi naye, alimtunza vizuri. Lakini yeye alikuwa na nafasi ya kukaa kwa kuwa mimi sikuwa nayo. Hilo halikuchorwa popote. Brodie hajapiga simu, nami sipigi.

Nina ombi, mdogo wangu. Nimepekua picha zote tulizo nazo. Zote ama nimeinama, ama nimekatwa begani, ama mshika kamera ni mimi. Ule mwaka ulipokuja kututembelea, Brodie akiwa ndio kwanza ameanza shule, ulitupiga picha nyingi pale uani. Nitafutie. Kama iko hata moja nimeangalia mbele, nitumie. Si kwamba nataka anichore. Asinichore. Nataka aone tu kwamba uso nilikuwa nao.

Msalimie Alasdair, na binti yenu Morag na mumewe, na umbusu kile kichanga chao kwa niaba yangu. Ross anawasalimu wote. Mungu awafunike kwenye baridi hiyo na akupe magoti ya kukuleta tena kwetu.

Mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipozaliwa,
Glenys