Pikipiki Isiyo na Mahali pa Baba

Kasulu,
Jumapili, baada ya misa.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa nje ya jiko, mguu ukiwa juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza, na si shambani. Mama hajambo? Kifua chake kimepoa tangu mvua zianze? Na maharage ya kule bondeni yamepona, au maji yameyachukua? Mimi ni mzima, na masomo yanaendelea. Shangazi naye ni mzima, anakusalimu. Ndiye aliyenipa nafasi ya kuandikia mezani kwake, maana bwenini wasichana wanachungulia barua za watu.

Baba, jambo kubwa nalisema kabla ya maelezo: usiisubiri tena pikipiki. Haiko kwa fundi huko Kibondo, na haiwekewi kiti. Najua Kaka Nestori alikutumia ujumbe kwamba inatengenezwa, na najua ulimwamini, kwa sababu hata mimi nilimwamini. Ulipouza ng'ombe ili inunuliwe pikipiki ya kukuteremsha kutoka kilimani hadi barabarani, upate lori la kukuleta hospitali ya Kabanga kusafishwa kidonda, uliniandikia hivi: “Nestori anapenda vitu vinavyong'aa. Nenda naye ukawe macho yangu.” Basi macho yako yanakuletea habari za yaliyoyaona.

Kabla Kaka hajafika Kasulu nilimwendea mwalimu wetu wa fizikia, ambaye ana pikipiki, nikamwuliza mtu asiyejua chochote anachaguaje pikipiki iliyokwisha kutumika. Alinieleza kwa uvumilivu. Kwanza, gusa injini kabla haijawashwa. Ukiikuta ya moto, ujue muuzaji ameshahangaika nayo tangu asubuhi ili isimwaibishe mbele yako. Inama utazame chini kama inadondosha oili. Zungusha magurudumu uone kama ringi zimepinda. Tazama fremu, hasa mahali palipopakwa rangi mpya, maana rangi mpya mara nyingi inaficha kuchomelewa. Na anayejifunza achukue ile ambayo miguu yake miwili inafika chini.

Tulikwenda kwa fundi Shabani, nyuma ya soko. Alikuwa na pikipiki mbili za milimani, za matairi yenye meno makubwa. Ya kwanza ilikuwa ndefu, iliyotumiwa na shirika moja huko kwenye kambi ya wakimbizi, ina kiti kirefu cha watu wawili na keria nyuma. Ya pili ilikuwa fupi na nyembamba kama mnyama aliyekonda. Fundi alisema ni ya Mzungu mmoja aliyekuwa akijenga makanisa, na kwamba kwao ni ya mashindano: mtu anapanda juu ya mawe na magogo polepole, na akigusa mguu chini anapunguziwa alama.

“Wanafukuzwa na nani?” Kaka akauliza.

“Hawafukuzwi na mtu. Wanacheza.”

“Kweli wenzetu wana nafasi!”

Niliweka kiganja juu ya injini zote mbili. Zilikuwa baridi. Nikainama, nikazungusha magurudumu, nikakagua fremu. Fundi Shabani akanitazama, akasema, “Binti, nani kakufundisha haya?” Nikamjibu ni mwalimu wangu. “Mwambie mwalimu wako nimemsalimia, ila asifungue duka jirani na langu.”

Ile ndefu ilikuwa inavuja oili kwenye shokamzoba za mbele. Fundi hakuficha, alisema ni mpira tu umechakaa na ataubadilisha siku hiyo hiyo. Kaka alipoijaribu uwanjani, vidole tu vya miguu ndivyo vilivyofika chini. Akaachia klachi ghafla, ikamrusha, akaangukia nyasi. Alipopanda ile fupi, nyayo zote zilikaa ardhini. Aliendesha polepole, akazunguka, kisha akaielekeza kwenye lundo la mawe ya kujengea, na ile pikipiki ikapanda juu kama mbuzi anayefuata majani. Alicheka, Baba, kama alivyokuwa akicheka zamani tukiteleza kwenye tope la mtoni. Nami nilicheka, mpaka nilipoitazama vizuri. Haikuwa na kiti. Ilikuwa na kipande cha sponji tu, kama kile cha kupigia magoti kanisani.

“Kaka, Baba atakaa wapi?”

Fundi Shabani akajibu yeye. “Hapo umeuliza la maana. Punda anabeba, mbuzi anapanda. Semeni mnataka nini.”

“Skola,” Kaka akasema, “njia ya kwetu ni ya punda au ya mbuzi?”

“Ya mbuzi. Lakini atakayebebwa ni Baba.”

“Nitachomea kiti, na mahali pa kunyooshea mguu. Kibondo kuna fundi.”

“Kijana,” fundi akasema, “ukipakia mtu huko nyuma, gurudumu la mbele litatazama mbingu. Fremu hii haikuumbwa kwa watu wawili.”

Nilisema tuchukue ile ndefu. Nilisema mara ya pili, kwa heshima, kwamba Kaka atajifunza nayo taratibu, na kwamba mpira ukibadilishwa haina kasoro nyingine. Kaka akanishika bega. “Kwa jina la Mama aliyetuzaa, Skola, Baba atakuwa mtu wa kwanza kuketi juu yake.” Baba, nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulitumia jina la Mama kwa uongo. Nilimwamini. Fedha ulikuwa umempa yeye, akalipa. Akaninunulia soda, akaondoka akisema anakwenda moja kwa moja Kibondo.

Siku yako ya kliniki ilipofika niliomba ruhusa, nikaenda Kabanga asubuhi na mapema. Nilikaa kwenye benchi la watu wa vidonda. Kila nilipousikia mlio wa pikipiki nilisimama. Muuguzi aliita jina lako, akaita tena. Nikaenda dirishani, nikasema, “Mimi ni mtoto wake. Yuko njiani.” Akasema, “Sawa binti, nimeweka kadi yake chini ya nyingine, akifika nitamwita.” Mchana akaita wengine, na jioni akafunga dirisha. Kabla ya kuondoka alinieleza maneno ambayo lazima uyajue: kidonda cha namna yako kikikaa bila kusafishwa kinaingia hadi kwenye mfupa, na kikifika mfupani hawaoshi tena, wanakata.

Niliporudi kwa Shangazi nilimkuta Mama Zuena, yule anayepeleka mitumba Buhigwe siku za gulio. Nikamwuliza kama kwenye safari zake amemwona Kaka. Akapiga makofi. “Yule wa pikipiki ya kupanda ukuta ni kaka yako? Mbona ana jina kubwa kule!” Akaeleza kwamba tangu mpaka ufungwe, Kaka anavusha petroli kwenda ng'ambo kwa njia za juu ya mlima, ambako gari la askari halifiki. Dumu moja kulia, moja kushoto, na jingine nyuma ya mgongo. Shangazi alimkonyeza anyamaze, lakini nilikuwa nimeshasikia.

Bado nilijiambia huenda si yeye. Kisha Jumapili iliyopita, siku ya kutembelewa, alikuja mwenyewe getini kwetu, amevaa miwani ya jua, amenibebea kitenge.

“Mbona umenuna kama askari wa ushuru?”

“Baba hakuja kliniki.”

“Nimemtumia ujumbe. Nimemwambia kiti kinachomewa, avumilie.”

“Na kinachomewa?”

Akavua miwani. “Nikichomee wapi, Skola? Hapo ndipo linapokaa dumu la tatu.”

Nikamwuliza alianza lini kulijua hilo. Akasema hata kabla hajaja Kasulu. Kuna mfanyabiashara huko Buhigwe aliyemwambia aina ya kutafuta: fupi, nyepesi, ya kupanda mawe.

“Sasa kwa fundi ulinipeleka ya nini?”

Aliifuta miwani kwa pindo la shati. “Baba asingemtoa ng'ombe kwa ajili yangu. Mimi haniamini. Anakuamini wewe.”

Baba, bwenini nimewahi kuibiwa sweta na kalamu, na nililia kidogo yakaisha. Hili haliishi. Kilichonunua pikipiki ile si ng'ombe peke yake. Jina langu kwako nalo lilitumika, na mimi mwenyewe nilisimama pale nikigusa injini na kukagua ringi kana kwamba kuna kitu tunachagua.

Nilimwambia mguu wako hausubiri. Akapandisha sauti. “Niubebe mguu wa Baba mpaka lini? Acha nipate kwanza. Nikipata nitamleta Kabanga kwa gari, kiti cha mbele!” Nikasema hukuomba gari. Akasema nimeanza kuongea kama padri. Kisha, akiwa anawasha pikipiki, akatupa neno lililoniumiza kuliko yote: “Tena Baba mwenyewe ameshawaambia wabebaji wa machela, watu wa ngobyi, wasijisumbue.” Kitenge nilikitundika kwenye usukani. Alikiangalia, akakiweka ndani ya koti, akaenda.

Kwa hiyo, Baba, ndiyo sababu naandika leo bila kungoja likizo. Kama ni kweli umewaambia majirani hutaki tena kubebwa kwa ngobyi, rudi kwa mzee Rubaba anayewaongoza wabebaji, ukawaombe upya. Najua ni vigumu. Najua uliwaambia mwanao ananunua pikipiki. Najua pia kwamba kila nyumba inatoa bega lake katika kubeba wagonjwa, na bega la nyumba yetu lilikuwa la Nestori. Mwambie mzee Rubaba kwamba nyumba yetu haijakataa zamu. Likizo ikianza nitalima siku moja kwenye shamba la kila mwanamume atakayekushusha, na sitachagua shamba lenye mawe machache. Mwalimu wa zamu ameshanipa ruhusa ya kuja nyumbani siku ya kwanza kabisa.

Muuguzi wa Kabanga amekubali kukupokea siku yoyote, si lazima siku ya kliniki. Lori likikuacha Kasulu, Shangazi ametandika kitanda cha chumba cha mbele ili usipande ngazi. Nitumie neno kwa dereva yeyote wa lori; hata akisema tu “mzee anakuja,” nitaelewa, na nitakuwa stendi. Tafadhali Baba, aibu haioshi kidonda. Ukiniambia umekasirika kwa sababu sikukataa kwa nguvu zaidi, nitakubali kukaripiwa, mradi unikaripie ukiwa Kabanga.

Nisalimie Mama, umwambie asimlaani mtu. Najua jinsi jina lake lilivyotumiwa, na sitaki alisikie hilo kwa mdomo wa jirani. Nisalimie Bibi, umwambie uji wa shule bado haufanani na wake. Mdogo wangu Yusta ambaye yuko darasa la sita asiache kusoma kwa sauti kila jioni. Wasalimie mzee Rubaba na mke wake, na katekista wetu ambaye najua atakusaidia pale mwandiko wangu ulipobanana.

Jina la Kaka Nestori halimo katika salamu hizi, Baba, na sikulisahau. Salamu zake ziko huku kwangu. Siku atakayokuleta hospitali, kwa miguu au kwa chochote kile, atazikuta.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Skolastika