Tuta la Baba

Jumatatu, 15 Aprili

Bwawa limejaa pomoni, Baba amefurahi kama mtoto. Jumapili ni Kipaimara. Kanisa zima la Zombo litakuja kwetu kula na kuogelea. Nimezunguka tuta — udongo mtupu, alilijenga mwenyewe kwa trekta la kukodi. Kwenye mfereji wa kutolea maji yanayozidi amekaza wavu, ili perege wasitoroke, wageni wavue. Umeziba kwa majani. Nimemwambia. Akasema perege akishatoka hajui kurudi.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua kutwa. Chini ya tuta kuna nyumba mbili: ya Bibi, mama yake Baba, na ya Mama Happiness anayetupikia wageni. Nyuma ya nyumba yake pamelowa. Nimekanyaga, kandambili ikabaki kwenye tope. Maji yanachuruzika, membamba, safi. Yakiwa safi bado kuna nafasi ya kuwahi. Yakianza kutoka na udongo, tuta linaliwa kwa ndani. Nililisoma hilo chuoni, nikajibu mtihani, nikasahau. Leo nimelikumbuka kwa mwili mzima.

Ijumaa, 19 Aprili

Yamekuwa mekundu.

Nilimpeleka Baba akaone. Akachuchumaa, akayachota, akayatazama kiganjani muda mrefu. Nikamwomba tung'oe wavu, tufungue bomba la chini, watu wahame kwanza.

"Nipunguze maji, Askofu aje abariki matope?"

Kisha akaniita injinia, mbele ya Ditram na wenzake waliokuwa wanafunga turubai. Wakacheka. Na mimi nikacheka! Kwa nini nilicheka?

Jumamosi, 20 Aprili

Nimejaribu kuung'oa wavu mwenyewe. Umefungwa kwa waya kwenye nguzo, na maji yanaukandamiza. Nimechanika kiganja tu. Bomba lina kufuli, ufunguo anao Baba.

Nikashuka kwa Bibi. Mlango umefungwa. Nimechungulia dirishani — kitanda hakipo, hata sanduku lake la kanga halipo. Ditram anasema walimhamisha asubuhi, wakampeleka kwa shangazi, kule mlimani. Baba aliwaambia kifua kinamsumbua, hapa chini pana baridi.

Kifua! Bibi hajakohoa tangu Krismasi.

Basi anajua. Alijua jana, maji yakiwa kiganjani. Akamtoa mama yake, akanyamaza.

Niko kwa Mama Happiness. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kigoda, akarudi kuchambua mchele wa kesho. Anadhani naandika mambo ya shule. Nilikuja kusema; badala yake naandika. Nikisema, kesho Baba hataweza kuinua uso kanisani. Nisiposema — gauni jeupe la Happiness limetundikwa hapa mbele yangu, limeshapigwa pasi. Mwenyewe yuko nyuma ya nyumba, anaosha viatu vyake kwenye yale maji.



"Mbona kwa bibi yako kumefungwa?" ameniuliza sasa hivi, macho yakiwa kwenye ungo. "Kaenda wapi?"