Tui Lisiloepuliwa

Pangani

Mwanangu Massoud,

Natangaza rasmi, kwa taadhima zote, kuwa jogoo wa jirani amehamishiwa Tongoni. Sasa tunalala.

Jana nilikwenda kwa Mzee Abdulhakim kukuposea binti yake, Khairiya. Mzee akagoma.

“Bi Time, mwanao huko ughaibuni anasomea kurutubisha urani. Redio inasema ndiyo mabomu hayo. Simwozi binti yangu kwa mpika mabomu!”

“Baba Khairiya,” nikamwambia, “tui ukilichemsha kidogo, umepata mchuzi. Ukiliacha motoni mpaka maji yaishe, umepata mafuta, na hayo yanawaka. Sufuria ni ile ile. Massoud anarutubisha kidogo tu, kiasi cha umeme.”

“Na asipoepua?”

“Wapo wakaguzi, kazi yao kuchungulia sufuria za watu.”

“Na akiwafungia mlango?”

“Hapo hata mimi shangazi yake nitakimbia.”

Mzee akacheka mpaka kofia ikamwanguka. “Kwa ukweli huo, posa nimeipokea.”

Nilijua nitamshinda, fizikia yenu nimeisomea jikoni.

Kisha akaitwa Khairiya, akaulizwa. Hakutaki.

Shangazi yako,
Time