Mkono wa Gauni

Kibondo, Jumamosi, Juni 2014

Gauni halikuingia. Fundi wangu, Mama Zuhura, ameshona kwa vipimo vya mwaka jana, nilipohamishiwa hapa kutoka Tanga, na mkono wa gauni ukakwama juu ya kiwiko. Nilikasirika. Kitenge chenyewe alinipa mama yangu siku ya kuagana.

"Umenenepa, mwalimu," akasema fundi, tena kwa furaha, kama ananipa hongera.

Sijanenepa! Kiuno ni kilekile. Ni yale makopo ya rangi niliyojaza saruji na kuyaunganisha kwa bomba. Nayanyanyua kwa mazoezi kila alfajiri chumbani, pazia nimefunga, majirani wasije wakanisema. Muda wote huo sijaona msuli wowote. Kioo changu kinatosha uso tu, na nilishaanza kuamini najichosha bure.

Mama Zuhura akanibinya mkono. Akabinya tena.

"Eh! Huu ni mkono wa jembe. Shamba lako liko wapi, kule Kitahana?"

Nikasema ndiyo. Habari za makopo ningeanzia wapi?

Akachukua futi, akapima upya, kulia kisha kushoto. Vidole vyake vilikuwa na joto la pasi ya mkaa.

Nimefurahi, kweli nimefurahi. Ila pale pale nikakumbuka kwamba tangu mama anikumbatie stendi ya Tanga, hakuna mtu aliyenigusa hivyo.

Alipomaliza nikamwomba apime tena wa kushoto, huenda amekosea.

Nilijua hajakosea.